Kabla ya kuchora mshale, shika kiazi

Jioni huwa nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kemia, mezani kwangu hapa Kondele, Kisumu. Swali lao ni lile lile: "Mwalimu, nitajuaje kama hii ni SN1 au SN2?" Hizo ni njia mbili za kitu kimoja kuchukua nafasi ya kingine kwenye kaboni, na mshale tunaouchora huonyesha anayeingia anapitia wapi. Weka kalamu chini. Niletee kiazi, vijiti vinne vya meno na ugali uliopoa.

Kiazi ni kaboni. Chomeka kijiti kimoja, hicho ni bromini. Vitatu vilivyobaki vielekeze upande mwingine, vitawanyike kama miguu ya kigoda. Sasa pitisha kidole katikati ya miguu hiyo mpaka kiguse kiazi. Huko ndiko ayoni (chembe yenye chaji) ya haidroksidi huingilia katika SN2: inasukuma kwa nyuma huku bromini ikitoka, yote kwa hatua moja, na miguu mitatu inapinduka kama mwavuli uliokutana na upepo wa ziwani. Mkemia Paul Walden aligundua mpinduko huu mwaka 1896, miaka mingi kabla sababu yake haijaelezwa.

Bandika tonge la ugali kwenye mguu mmoja. Hicho ni kikundi cha methili, yaani kaboni moja na hidrojeni zake tatu. Kidole bado kinapita. Matonge mawili, kinapita kwa taabu. Matatu, hakipiti. Kaboni ya namna hiyo, mfano 2-bromo-2-methilipropani, hungoja bromini iondoke yenyewe kwanza, ndipo maji yaingie. Hiyo ni SN1, na mwendo wake hautegemei wingi wa anayeingia. Mimi nilichora mshale wa nyuma kwenye kaboni hiyo hiyo katika mtihani, mkufunzi akaandika pembeni, "Umepitia wapi?"

Penye matonge mawili ndipo penye utata, kwa hiyo tazama kiyeyushi. Maji na ethanoli huzizunguka ayoni na kuzituliza, hivyo husaidia SN1. Asetoni humwacha anayeingia huru, ikasaidia SN2. Ukiona haidroksidi kali na joto, usilazimishe ubadilishaji. Huenda bromini ikatoka pamoja na hidrojeni ya jirani, ukabaki na alkeni, yaani kaboni mbili zilizoshikana kwa kifungo maradufu.

Ukipata nafasi maabarani, tia matone ya 1-bromobutani kwenye sodiamu iodidi iliyoyeyushwa katika asetoni. Iodidi ikichukua nafasi ya bromini kwa SN2, hutokea sodiamu bromidi, nayo haiyeyuki humo. Shika testitubu mbele ya shati jeusi, usubiri dakika chache: ukungu mweupe utaanza, kisha chembe zitatua chini.