Kumpenda jirani: fungua Walawi 19, halafu mlipe mtu wako leo

Wapendwa, ile amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako tunaijua sana, tumeisoma Mathayo 22 na Marko 12, hata watoto wa Sande Skuli wanaikariri, lakini ukiuliza mtu Jumatatu asubuhi atafanya nini tofauti kwa sababu ya hiyo amri anabaki akikuangalia tu. Mimi naona shida ni kwamba tunaisoma ikiwa peke yake. Yesu alikuwa anaitoa Mambo ya Walawi 19:18, na ukirudi huko uanzie mstari wa 9 utakuta kabla Mungu afike kwa kupenda ameshaongea kuhusu shamba, mshahara wa kibarua, kiziwi na kipofu, kesi, umbea na kinyongo, halafu mbele kidogo anaenda kwa wazee, mgeni na mizani. Yaani upendo wenyewe amekuambia unakaa wapi. Kwa hivyo fanya hivi: fungua hiyo sura, shika kalamu, na kando ya kila mstari andika jina la mtu unayemjua. Usiandike "majirani" ama "jamii", andika jina.

Anza na pesa za watu. Mstari wa 13 unasema mshahara wa mtu uliyemwajiri usilale kwako mpaka asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inaongeza sababu, ni kwamba yeye ni maskini na moyo wake wote uko kwa hiyo pesa, akimlilia Mungu dhambi inakuwa yako. Sasa angalia mama amekuja kukufulia hapo Free Area, mtaa wa hapa Nakuru, ameinama kwa beseni tangu saa mbili, blanketi tatu na nguo za shule, vidole vimejikunja kwa sabuni, saa kumi anapanguza mikono kwa leso anasimama mlangoni, na wewe unamwambia "nitakutumia baadaye". Baadaye wapi na watoto wake wanakula jioni? Hata sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inasema kibarua wa kutwa alipwe siku ikiisha, kwa hivyo hapa Musa na serikali wanaongea kitu kimoja. Weka pesa yake kando kabla hujamwita, sikizaneni bei kabla aanze, na umtumie kwa M-Pesa akiwa bado hapo mlangoni asikie simu ikilia, na uongeze ile ya kutoa. Kama huna usimwite, ngoja upate. Fundi pia, akimaliza kazi vile mlipatana usianze kutafuta kasoro ndio umkate mia mbili. Na kama uko kwa daftari ya madeni ya mama wa duka, tafadhali usianze kupitia njia ya nyuma. Ingia umsalimie, mpe hata nusu, mwambie tarehe ya hiyo ingine na uiheshimu.

Dada wa kazi nyumbani nataka nikae hapo kidogo maana hapa Wakristo tunaumiza watu tukiwa tumevaa nguo za kanisa. Kumbukumbu la Torati 5:14 inasema siku ya sabato mtumwa wako mwanamume na mwanamke wapumzike vilevile kama wewe. Vilevile kama wewe! Lakini Jumapili ndio siku yake ngumu kuliko zote, familia imeenda ibada, yeye amebaki na mtoto na kuku wa kupika kwa sababu kuna wageni wa felowshipi saa nane, na wakifika wanaomba baraka juu ya chakula ambacho yeye atakula mwisho jikoni, akiwa amesimama. Sheria ya kazi inampa angalau siku moja ya kupumzika kila siku saba, Mungu alikuwa amempa zamani. Chagueni siku pamoja, iandikwe, na hiyo siku asiulizwe hata sukari iko wapi. Akitaka kwenda kanisa lake, aende lake, si lazima akuje kwenu kukubebea mtoto. Mwite jina lake. Akiwa mgonjwa mpeleke hospitali vile ungepeleka wa kwako.

Turudi Walawi 19, mizani iko mstari wa 35 na 36. Huku kwetu Nakuru hii inajulikana, ni ile lumbesa ya viazi kutoka Molo na Mau Narok, gunia linashonewa kichwa kingine juu mpaka linakuwa kama mama mjamzito, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Kama wewe ni mnunuzi na umeokoka, nunua kwa kilo, beba mizani yako na mkulima aisome mwenyewe. Wewe unayeuza kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, pia, tumia mkebe ambao haujagongwa chini, na mkono wako usikae ndani ukipima.

Sasa umbea, mstari wa 16. Sisi hatusengenyi siku hizi, tunaleta "maombi". Mtu anaandika kwa grupu ya akina mama, "tumkumbuke dada fulani, ndoa yake inapitia magumu, sitasema mengi", na kufikia jioni watu arobaini wanajua bwana yake alilala nje. Kabla uandike jina la mtu kwa grupu mpigie kwanza umuulize, "dada, naweza kuomba wengine wakuombee, na niseme nini?" Akikataa, omba peke yako, Mungu anasikia. Na ukiletewa stori uliza tu, "umeshaongea na yeye?" Hilo swali linamaliza umbea mwingi, jaribu utaona.

Kama ni wewe umekosewa, mstari wa 17 unakataza kumchukia ndugu yako moyoni ukiwa umenyamaza, unasema umkemee, na Yesu kwa Mathayo 18:15 anakuonyesha vile utafanya: uende wewe na yeye peke yenu. Kwa hivyo usiweke mafumbo kwa stetasi. Nenda kwake mchana, usiende usiku ukiwa na hasira, sema jambo moja lile lililokuuma bila kuchimbua ya 2015, halafu unyamaze umsikize mpaka amalize. Na kama ni wewe ulikosea, Mathayo 5:23 inasema uache sadaka hapo madhabahuni uende mpatane kwanza, kwa hivyo hiyo simu piga Jumamosi. Asipokubali? Warumi 12:18 inasema mkae kwa amani na watu wote kama inawezekana, kwa upande wenu. Upande wako umefanya, endelea kumsalimia.

Mstari wa 32, simama umpishe mzee kiti kwa matatu, hiyo haihitaji maelezo.

Ya mwisho ni mgeni, mstari wa 33 na 34, na ninaomba hii usiiruke. Mungu anasema mgeni awe kwako kama mzaliwa wa kwenu na umpende kama nafsi yako, maneno yale yale ya mstari wa 18. Nakuru ni mji wa watu wa kila kabila, na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, majirani waliokuwa wanaombana chumvi walifukuzana, wengine walikuwa wa kanisa moja. 2027 ni uchaguzi tena. Kwa hivyo anza sasa: kwa ploti yenu tafuta ile nyumba ya kabila ambalo watu wa kwenu wanaliongelea vibaya, jueni majina ya watoto wao, wakifiwa nenda matanga, usitume tu mchango. Na nyumbani kwako mtu akianza kuongea kwa lugha ya mama kuhusu "hao watu" mbele ya watoto, mkatize hapo hapo kwa heshima hata kama ni mjomba: "Mjomba, huyo ni jirani yetu, hapa hatumwongelei hivyo."