Kidani bapa cha shanga, kama Koko alivyonifundisha

Anza na ng'ombe. Nilipokuwa msichana kule Longido, Umasaini, nilitaka kukimbilia waya, lakini bibi yangu, Koko, alinipeleka zizini alfajiri akaniambia nimtazame dume mweusi mwenye baka jeupe ubavuni. "Rangi isiyokatizwa haionekani kwa mbali," alisema.

Kwa hiyo tandika kanga chini na upange rangi kwanza. Juu ya kanga shanga hazibingiriki, na mbuzi wakija unakunja kanga yote unaondoka. Kwetu Wamasai nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, bluu ni mbingu inayoleta mvua, kijani ni majani baada ya mvua hiyo. Usiache bluu na kijani ziguse. Mtu akiwa ng'ambo ya korongo ataona kitu kimoja cheusicheusi. Tia nyeupe au chungwa katikati yake. Hapo ndipo ninapogombana na wanaojifunza kwangu kuliko mahali pengine popote.

Nunua shanga za kioo za ukubwa namba 10, za Cheki ukizipata. Bei yake iko juu, lakini zinalingana. Za rahisi zina nene na nyembamba kwenye pakiti moja, na kidani kinapinda kama chapati iliyoungua upande mmoja. (Ndiyo, zinatoka Ulaya. Zamani wazee walivaa mbegu, mifupa na udongo. Mpangilio wa rangi ni wetu.)

Sasa vigawanyio, yaani vipande vyenye matundu vinavyoshika mistari ya shanga ikae sambamba. Koko alitumia ngozi. Mimi nakata dumu la mafuta ya kupikia. Kata vipande 8, kila kimoja urefu wa sentimita 3, upana nusu sentimita. Toboa matundu 10 kwa msumari uliopashwa moto, ukiyaachanisha kwa unene wa ushanga mmoja. Toboa kimoja vizuri, kisha kitumie kupimia vingine, maana tundu likihama kidogo tu mistari yote inayumba.

Waya uwe mwembamba, lakini ukiukunja ubaki ulivyokunjwa. Wa ndani kabisa upime shingoni, legevu, uongeze sentimita 6 za kufungia. Kila unaofuata uzidi wa kabla yake kwa sentimita moja na nusu hivi. Pitisha nyaya zote 10 kwenye kigawanyio cha kwanza, kunja ncha, kisha jaza shanga kuanzia mstari wa ndani: sehemu moja, kigawanyio, sehemu nyingine, hadi cha nane. Kila ukitoka mstari mmoja kwenda wa nje, ongeza ushanga mmoja katika kila sehemu, mara nyingine mbili. Usihesabu sana, kilaze chini ukitazame: kikiinuka kama bakuli, mstari wa nje umebanwa, kikifanya mawimbi, umezidisha.

Nyuma weka kifungo na kitanzi cha waya. Niliwahi kufunga kwa uzi wa pamba, jasho likauozesha, na mteja akanirudishia shanga zake kwenye kikombe.

Mwisho, kata vibati vya pembetatu kutoka kwenye kopo la soda, sugua kingo kwenye jiwe zisikate shingo, uvining'inize ukingoni. Vaa, uruke mara mbili. Vibati vikilia na kidani kikapigapiga mabegani bila kukunjika, kipeleke sokoni.