Kumaliza mkopo wa nyumba kabla ya muda kwa kubana matumizi ya nyumbani

Wako watu wanaobana matumizi mwaka mzima, na mwaka ukiisha deni la nyumba liko palepale. Walizima taa, walipunguza safari, waliacha kula nje, lakini kilichobaki kilikaa kwenye akaunti ileile ya matumizi na kikaondoka na mambo mengine. Fedha ambayo hukuitumia bado si akiba. Inakuwa akiba siku inapoingia kwenye deni la msingi, yaani mkopo wenyewe bila riba, na sehemu kubwa ya kazi ni kuifikisha huko.

Hesabu ya mkopo kwanza

Tuseme mkopo ni 10,000,000 kwa sarafu yoyote, riba ni asilimia 12 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio linalobaki, na muda ni miaka 20. Rejesho la kila mwezi ni 110,109. Katika rejesho la kwanza, 100,000 ni riba tupu, na kinachopunguza deni ni 10,109 tu. Ukilipa miaka 10 bila kukosa hata mwezi mmoja, bado utadaiwa takriban 7,675,000. Nusu ya muda imekwisha, na hata robo ya deni hujaimaliza.

Sasa ongeza 10,000 kila mwezi tangu mwanzo. Deni linaisha ndani ya miezi 180 badala ya 240, na riba ya takriban 4,850,000 huilipi kamwe. Ukiongeza 20,000, linaisha ndani ya miezi 148. Tazama kwamba 10,000 ya kwanza imekata miezi 60 na ya pili imekata 32. Kwa hiyo usingoje upate kiasi kikubwa, kwa sababu kile kidogo cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Ukichelewa na kuanza kuongeza 10,000 mwaka wa 11, unakata miezi 17 tu. Sababu ni kwamba kila unachotoa kwenye deni la msingi hakitozwi tena riba kwa miezi yote iliyosalia, na mwanzoni miezi hiyo ni mingi. Hata malipo ya mara moja ya 100,000 mwezi wa kwanza, ambayo hayafiki rejesho moja, yanafuta karibu marejesho tisa ya mwisho. Bandu bandu huisha gogo, ila hapa bandu za mwanzo ni nene zaidi.

Fanya hesabu ya mkopo wako mwenyewe kwenye programu yoyote ya majedwali. Andika =NPER(0.12/12,-120109,10000000), ukiweka riba yako, rejesho pamoja na nyongeza, na salio lako. Jibu ni idadi ya miezi iliyobaki. Kwa mfano huu ni 179.6. Riba yako ikiwa ndogo, faida nayo itakuwa ndogo, na ni vizuri kulijua hilo mapema.

Maswali ya kuuliza benki kabla ya kutuma nyongeza

La kwanza: riba inatozwa juu ya nini? Ikitozwa kwenye salio linalobaki, endelea. Ikiwa ilikokotolewa mara moja juu ya mkopo wote wa awali ikagawanywa kwa miezi, na mkataba hautoi punguzo kwa anayelipa mapema, nyongeza yako huenda isiokoe chochote. Hapo fedha hiyo itafutiwe kazi nyingine.

La pili ni tozo ya kulipa kabla ya muda. Baadhi ya mikataba huruhusu kiasi fulani kwa mwaka bila tozo, na mingine hutoza asilimia ya kiasi kilichozidi. Usikate tamaa kwa kusikia tu kwamba kuna tozo. Kwa riba ya asilimia 12, fedha uliyolipa mapema inaokoa takriban asilimia 1 kila mwezi, kwa hiyo tozo ya asilimia 2 inarudi baada ya miezi miwili hivi. Tozo ikiwa ya kiasi kilekile kwa kila muamala, kusanya kwanza, ulipe kila baada ya miezi mitatu.

La tatu ndilo linaloponza wengi: nyongeza inaingia wapi? Mifumo mingi ya benki ikipokea fedha iliyozidi bila maelekezo huihesabu kuwa sehemu ya rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema. Deni la msingi haliguswi. Dalili yake ni tarehe ya rejesho lijalo kusogezwa mbele, au rejesho la mwezi unaofuata kuonekana dogo. Toa maelekezo kwa maandishi: "Kiasi kilichozidi kipunguze deni la msingi, rejesho la mwezi libaki lilelile, muda ndio upungue." Benki ikikataa kupunguza muda na kushusha rejesho badala yake, si neno. Endelea kulipa kiasi cha zamani kana kwamba hakikushuka, na tofauti iandikwe tena kama nyongeza. Fanya vivyo hivyo riba ya kupandashuka inaposhuka.

Baada ya nyongeza ya kwanza, chukua taarifa ya mkopo na kalamu. Kwa mfano wetu, 10,000,000 toa 10,109 toa 10,000 inabaki 9,979,891. Riba ya mwezi unaofuata inapaswa kuwa karibu 99,799. Ukikuta bado ni karibu 99,899, ujue ile 10,000 haikufika ilikokusudiwa. Kama benki yako inakokotoa riba kwa siku, tarakimu zitatofautiana kidogo kulingana na tarehe, lakini salio lazima lishuke kwa nyongeza yote.

Kabla ya nyumba, madeni mengine

Deni lenye riba kubwa kuliko ya nyumba linatangulia, na mara nyingi hilo ni deni la kadi au mkopo mdogo wa haraka. Kisha weka akiba ya dharura ya gharama za lazima za miezi mitatu. Familia yenye kipato kisichotabirika iweke zaidi. Orodhesha pia bili zinazokuja mara moja kwa mwaka, kama bima, kodi ya jengo na ada za shule, ujumlishe, ugawanye kwa 12, na kiasi hicho kiwekwe pembeni kila mwezi. Anayemimina kila kitu kwenye mkopo wa nyumba, paa likivuja hukimbilia mkopo wa riba ya juu, maana ukuta uliokwisha kulipiwa haumegwi ukauzwa.

Fedha inapatikana wapi

Andika matumizi yote ya mwezi mmoja kabla ya kubadilisha lolote. Wengi huanza na vitu vinavyoonekana, na taa ndiyo huonekana kuliko vyote. Kipimo ni rahisi: wati zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000, unapata uniti. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku hutumia uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 hutumia 1.35. Ni vizuri kubadilisha. Lakini geukia bafuni. Kuoga dakika 10 kwa bomba linalotoa lita 10 kwa dakika ni lita 100, na kupandisha joto la maji hayo kwa nyuzi 25 kunahitaji karibu uniti 2.9. Watu wanne wakipunguza hadi dakika 5 kila siku, nyumba inaokoa takriban uniti 174 kwa mwezi. Ni sawa na kubadilisha balbu zaidi ya 20. Kwa ujumla, kitu chochote kinachozalisha joto kwa umeme, kama hita, pasi, oveni au kikausha nguo, kichunguzwe kabla ya kitu kinachotoa mwanga au sauti.

Friji haizimwi, kwa hiyo ikague. Bana karatasi kwenye mlango, ufunge, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja mchana na usiku. Jaribu sehemu kadhaa kuzunguka mlango, hasa kwenye pembe. Wakati mwingine ni uchafu tu, na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kinatosha. Joto la ndani likiwa nyuzi 4 chakula kiko salama. Kushusha zaidi ni kulipia baridi isiyo na kazi.

Kwa maji, soma mita usiku, mtu yeyote asifungue bomba kwa saa mbili, kisha soma tena. Namba ikisogea kuna mvujo. Mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo: tia rangi ya chakula ndani ya tangi, subiri dakika 15 bila kuvuta maji, utazame bakuli. Rangi ikionekana, mpira wa chini ya tangi haufungi vizuri, na huo ni mvujo usio na sauti. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 10,000 kwa mwaka, na mara nyingi tiba yake ni mpira mdogo tu.

Chakula ndicho chenye nafasi kubwa zaidi katika nyumba nyingi, na ndicho kinachobanwa vibaya zaidi. Watu hununua vya bei ya chini badala ya kuacha kutupa. Bandika karatasi juu ya pipa la taka kwa wiki mbili. Kila kinachotupwa kiandikwe pamoja na sababu yake: kimeoza, kimebaki sahanini, kimesahaulika nyuma ya friji. Sababu ndiyo inayokuambia la kufanya. Vinavyooza vinataka ununue kidogo kidogo, vinavyobaki vinataka sufuria ndogo, na vilivyosahaulika vinataka ratiba ya mapishi ianzie kwenye friji kabla ya kwenda sokoni.

Kununua kwa jumla nako kuna mtego. Linganisha bei kwa kilo moja au lita moja, si kwa pakiti. Ukipata punguzo la asilimia 20 halafu robo ikaharibika, umelipa 80 kwa bidhaa ya 75, yaani umenunua ghali kuliko rejareja. Jumla ni ya vitu vikavu, sabuni na vingine visivyooza.

Jikoni, loweka jamii ya kunde kavu usiku kucha, funika sufuria, na maji yakichemka punguza moto. Maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayochemka taratibu. Moto wa ziada unatengeneza mvuke tu. Sufuria ya presha inaokoa nishati kwa sababu presha hupandisha joto la maji hadi karibu nyuzi 120, na chakula huiva kwa muda mfupi.

Malipo ya kila mwezi yanayojikata yenyewe, kama vifurushi, uanachama na huduma ambazo hakuna anayezitumia, yafutwe siku moja kwa kupitia taarifa ya benki mstari kwa mstari. Bima, matibabu, matengenezo ya paa na mifereji, na huduma ya gari visiguswe. Bei ya bima inaweza kujadiliwa kila mwaka. Bima yenyewe isikatwe, na mara nyingi mkataba wa mkopo unaidai.

Kuifikisha fedha kwenye deni

Baada ya miezi miwili ya kubana utakuwa na wastani wa kilichookolewa. Weka malipo ya kudumu ya asilimia 80 ya wastani huo yatoke siku inayofuata mshahara, yaende moja kwa moja kwenye mkopo. Asilimia 20 inayobaki ni ya kumeza mabadiliko ya bili. Mwisho wa mwezi, kilichosalia nacho kitumwe. Ukiacha yote hadi mwisho wa mwezi hakitabaki kitu. Deni lingine likiisha, rejesho lake zima lihamie kwenye mkopo wa nyumba mwezi uleule, kabla familia haijazoea kulitumia.

Kuna wanaolipa nusu ya rejesho kila wiki mbili. Mwaka una vipindi 26 vya namna hiyo, kwa hiyo unajikuta umelipa marejesho 13 badala ya 12. Ni njia nzuri kwa anayelipwa kila wiki mbili. Lakini usilipie huduma hiyo: gawanya rejesho lako kwa 12 na uongeze kiasi hicho kila mwezi, kwa mfano wetu ni 9,176, na matokeo yanakaribiana sana.

Mpango huu mara nyingi huvunjwa na uchovu na ugomvi kuliko hesabu. Mume na mke wakubaliane tarakimu moja, na kila mmoja awe na kiasi chake kidogo cha kila mwezi kisichoulizwa kimekwenda wapi. Mpango usio na kiasi hicho ni mkali mno, na kwa kawaida huishia kwenye ununuzi mmoja mkubwa wa hasira unaomeza akiba ya miezi kadhaa.

Rejesho la mwisho

Salio la kwenye taarifa si kiasi cha kufungia mkopo, kwa sababu riba inaendelea hadi siku ya malipo. Omba barua yenye kiasi kamili cha kumaliza na tarehe ya mwisho ya kiasi hicho, ulipe kabla ya tarehe hiyo, kisha usimamishe malipo ya kudumu. Dai barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha na hati halisi ya nyumba. Kama jina la benki limo kwenye bima ya nyumba, liondolewe. Halafu nenda mwenyewe kwenye ofisi ya usajili wa ardhi uangalie kama rehani imefutwa kwenye daftari. Benki kuandika barua na rehani kufutwa ni mambo mawili tofauti, na anayelisahau la pili hulikuta siku anapotaka kuuza au kurithisha.