Soko la gemu za PC Kigoma lina hela kiasi gani? Piga hesabu hivi

Kuna mdogo wangu mmoja anatengeneza gemu, kila tukikutana ananiambia kaka Kigoma tupo wengi tunaocheza, nikiiweka Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za PC, nitapiga hela. Haya, tuhesabu.

Kwanza usihesabu wachezaji. Wachezaji wapo kibao, nenda Mwanga, Kigoma mjini, kwenye fremu yoyote wanayoweka muvi kwenye flashi, unakuta jamaa ana folda zima la gemu, unachagua, unampa buku mbili, anakopi huku anaongea na simu, unaondoka. Huyo aliyeondoka na flashi ni mchezaji kweli ila kwa duka la mtandaoni ni sifuri. Sisi tunatafuta anayelipa.

Anza na watu. Sensa ya 2022 inasema mkoa wa Kigoma una watu 2,470,967. Halafu unachuja, na hizi ni namba za kujaribia tu mi nimezitunga, wewe weka zako: tuseme watu 2 kwa kila 100 wana kompyuta, hapo wamebaki kama 49,000. Mashine inayoweza kubeba gemu ya maana tuseme 1 kati ya 10, wamebaki 4,900. Mwenye namna ya kulipa mtandaoni na bando la kushusha gemu la GB 60 bila kulia, 1 kati ya 20, wanabaki 245. Kila mmoja akinunua gemu 3 kwa mwaka za dola 8, ni dola 5,880.

Sasa usiipende hiyo namba. Ukikosea mara mbili tu kwenye kila chujio, na yapo matatu, umekosea mara nane, kwa hiyo jibu la kweli linaweza kuwa dola 735 au 47,040. Andika zote tatu, anayekupa namba moja tu anakuuzia kitu.

Kupunguza hilo pengo inabidi utembee. Nenda kwa mafundi kompyuta, Mwanga mpaka Ujiji, uliza kati ya mashine 10 za mwisho ulizofungua ngapi zilikuwa na graphics kadi, ile kadi ya kubeba picha za gemu, fundi anajua kuliko ripoti yoyote. Wateja nao usiwaulize "ungenunua?" maana kila mtu atakuitikia ndio, sisi ni watu wa kuona aibu. Uliza mara ya mwisho ulilipia nini mtandaoni na ulilipaje. Hapo ndo utashangaa, maana Steam haina bei ya shilingi, Mtanzania anaona dola wakati mwenzetu wa Afrika Kusini anawekewa randi, na kadi watu wengi hawana.

Kisha njoo kwa upande wa pili. Steam wenyewe wanaonyesha kila nchi imeshusha data kiasi gani kwa wiki, itafute Tanzania, ila kumbuka humo kuna apdeti na gemu za bure kwa hiyo sio mauzo, na Kigoma hawajaitenga. Kwa gemu moja moja watu huwa wanachukua idadi ya maoni ya wateja wanazidisha na 30 hivi, yaani maoni 1,000 ni kama kopi 30,000 dunia nzima, nayo ni makadirio tu. Pande mbili zikipishana sana rudi kwenye vichujio, ujue kuna kimoja umejipendelea.

Mwisho toa makato. Steam wanachukua asilimia 30 kwenye mauzo ya kawaida, Epic, duka jingine la gemu, 12, ila tangu 2025 hawakati kitu kwenye dola milioni moja za kwanza za kila gemu kwa mwaka. Na kuweka gemu Steam unalipa dola 100, wanakurudishia ukifikisha mapato ya dola 1,000.

Nikamwambia mdogo wangu, chukua hiyo 5,880, gemu yako ipate asilimia 5 ambayo kwa gemu mpya ni ndoto tamu sana, ni dola 294 kabla ya makato. Hiyo 1,000 ya kurudishiwa mia yako hujaiona bado. Akanyamaza, akaniuliza Bujumbura wako wangapi.