Askari Mmoja au Wawili? Kuchambua Simulizi Zinazopingana za Mhenga wa Zama za Elizabeth I

Tuseme nasaba moja inadai kapteni wenu alifia Ayalandi mwaka 1598, na nyingine inadai alirudi salama kutoka Uholanzi akazaa watoto sita. Usianze kwa kuchagua upande. Vunja kila simulizi vipande: cheo, vita, mwaka, mke, baba, mrithi. Kando ya kila kipande andika nani alikitaja kwanza, na miaka mingapi baada ya tukio. Mara nyingi vitabu vitano vinavyokubaliana vimenakili kimoja cha karne ya 19, kwa hiyo una shahidi mmoja tu. Jihadhari hasa na nasaba za kulipiwa. Gustave Anjou, aliyefariki 1942, aliwauzia Wamarekani nasaba za kughushi ambazo hadi leo watu wanazinakili.

Kisha nyoosha tarehe. Mwaka wa Waingereza ulianza 25 Machi, hivyo "Februari 1587" ya kwenye hati ni Februari 1588 kwa hesabu yetu. Isitoshe, kuanzia 1582 Hispania ilitumia kalenda mpya, siku 10 mbele ya Uingereza. Mapigano ya Kinsale, Ayalandi, ni ya 24 Desemba 1601 kwa Waingereza na 3 Januari 1602 kwa Wahispania. Ubishi kuhusu mwaka wa kifo unaweza kuisha hapohapo. Hati nyingine huhesabu miaka ya utawala wa Elizabeth tangu 17 Novemba 1558: mwaka wa 40 ni kuanzia 17 Novemba 1597 hadi 16 Novemba 1598. Nakili tarehe kama ilivyoandikwa, na uiweke hesabu yako pembeni. Ukibakiza yako peke yake, kosa halitaonekana tena.

Faili la utumishi jeshini usilitafute, kwani jeshi la kudumu halikuwepo. Kombania iliitwa kwa jina la kapteni wake, na askari wa chini ni nadra kutajwa. Makapteni wanapatikana katika nyaraka za serikali zilizo katika Hifadhi ya Taifa (National Archives) huko Kew, London, kwa namba za makundi yake: SP 63 kwa Ayalandi, SP 84 kwa Uholanzi, SP 78 kwa Ufaransa. Muhtasari uliochapishwa ni wa kukuonyesha njia tu, maana huacha majina. Rudi kwenye hati yenyewe. Mwandiko wa makarani wa enzi hizo unasumbua (c hufanana na r), lakini tovuti ya hifadhi hiyo ina mafunzo ya bure ya kuusoma.

Orodha za ukaguzi wa mgambo ndizo zimezaa mashujaa wengi wa uongo wa mwaka 1588, Hispania ilipotuma manowari kuivamia Uingereza. Ziliandikisha wanaume wa miaka 16 hadi 60. Jina humo linathibitisha kwamba mtu alikuwa akiishi pale, basi. Halithibitishi kwamba alipigana. Hesabu za mishahara nazo zina askari hewa.

Kwa nasaba, anza na kundi la C 142, pia Kew, ambalo ni uchunguzi wa mirathi uliofanywa alipofariki mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa malkia. Hati ni ya Kilatini. Wenyeji walioapishwa walitaja siku ya kifo, mrithi na umri wake. Mrithi akiwa ndugu mdogo wa marehemu, wale watoto sita wana mashaka makubwa. Ila "miaka 21 na zaidi" yaweza kuwa hata 40.

Wosia huenda uko PROB 11, kundi jingine la Kew, lakini zilizomo humo ni nakala za makarani, na anayeitwa "mwana" anaweza kuwa mkwe. Rejista za parokia ziliagizwa 1538. Agizo la 1598 la kuzinakili upya lilisisitiza miaka ya tangu 1558, hivyo nyingi zinaanzia hapo. Kukosa ubatizo wa kabla yake si ushahidi wa lolote. Nasaba za wakaguzi wa nembo za koo, maofisa waliozuru kaunti kati ya 1530 na 1688, ziamini zaidi kwa wazazi na babu wa msimulizi. Juu ya hapo dai hati nyingine. Matoleo yaliyochapishwa mara nyingi yamechanganywa na nyongeza za baadaye.

Mwisho, panga kila tukio kwa tarehe na mahali. Jina likilipwa mshahara Ayalandi na wiki hiyohiyo likashuhudia mauzo ya ardhi Kent, karibu hakika ni watu wawili. Watenganishe kwa mke, makazi na sahihi. Usimuunganishe kapteni na ukoo wenu mpaka upate hati inayotaja vyote viwili, cheo chake na shamba la familia.