Somo: Kufunga sera ya QoS (kanuni ya kutanguliza pakiti fulani) kwenye intafesi ya ruta ili simu zisikwaruze

Malalamiko ni yale yale kila ofisi: saa nne asubuhi mhasibu anaanza kupandisha mafaili, simu za mezani zinaanza kuongea kama roboti. Bosi anataka kununua kasi zaidi. Mwambie asubiri kwanza, dawa ni mistari 13. Hapa natumia Cisco IOS (mfumo wa ruta za Cisco), laini ya 20 Mbps na simu kumi za G.711 (mtindo wa kugeuza sauti kuwa data).

Anza na hesabu. Simu moja hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ina baiti 160 za sauti na 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP. Ongeza Ethernet, unapata kama 87 kbps. Simu kumi ni 870, natenga 1000.

Hatua ya 1, tambua simu kwa EF, alama ya DSCP inayowekwa kwenye pakiti za sauti:

class-map match-any SIMU
 match dscp ef

Hatua ya 2, zipe njia yao ya kutangulia ya 1000 kbps, wengine wagawane kwa usawa:

policy-map FOLENI
 class SIMU
  priority 1000
 class class-default
  fair-queue

Hatua ya 3, bana laini:

policy-map KUTOKA
 class class-default
  shape average 19000000
  service-policy FOLENI

Hii ndiyo wengi wanairuka, kisha wanasema QoS ni porojo. Intafesi ni ya gigabiti 1, laini ni 20 Mbps. Ruta inaona njia nyeupe, haijengi foleni, na pasipo foleni hakuna wa kutangulizwa. Msongamano unahamia kwa mtoa huduma, ambako simu yako na faili la mhasibu ni abiria sawa. Kwa 19 Mbps foleni inabaki kwako.

Hatua ya 4, funga:

interface GigabitEthernet0/0
 service-policy output KUTOKA

Kisha piga simu huku ukiangalia show policy-map interface GigabitEthernet0/0. Pakiti za SIMU zikibaki 0, usikimbilie kugusa ruta. Huenda alama ya EF inafutwa na swichi njiani.

MASWALI YA WADAU

– Mkuu, nimejaribu input badala ya output, ruta imegoma.
Lazima igome. Foleni hupangwa pakiti zikitoka; zikiingia unaweza kuzitia alama au kuzikata tu. Kwa upande wa kushusha, funga sera nyingine ya output kwenye intafesi inayoelekea LAN (mtandao wa ndani ya ofisi). Inasaidia, ila si kwa uhakika ule ule.

– Nimeongeza simu mbili, sasa zinakwaruza zote 12. Si zingeharibika hizo mbili tu?
Ruta haijui nani kaja wa mwisho. Laini ikijaa, kinachozidi 1000 kinatupwa, na kila simu inapoteza pakiti zake. Weka 1200.

– Mimi nina ruta ya MikroTik, simple queue (foleni yake ya kubana kasi) nimeweka lakini haifanyi kitu.
Angalia fayawoli kama kuna kanuni ya FastTrack, njia ya mkato ya kupitisha pakiti haraka. Pakiti zake zinaruka foleni hizo. Izime, halafu tazama CPU, itapanda.