Warsha ya kwanza ya kaligrafia Nairobi: hatua kwa hatua, hasa ile ya karatasi

Jumatano usiku dada mmoja wa Kayole alinipigia simu. Amepata vijana kumi na wawili wanaotaka kujifunza kuandika herufi kwa kalamu ya ncha bapa, amepewa chumba bure kwa Jumamosi moja, na hajui aanzie wapi. Tuliongea hadi salio likamwishia, nikampigia mimi. Nusu ya mazungumzo ilikuwa karatasi. Hapa nimeandika niliyomwambia pamoja na yale niliyoyakumbuka baada ya kukata simu, kwa sababu kikundi chetu kilipoanza sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Hatua ya 1: Chagua mwandiko mmoja

Utatamani kuwaonyesha kila unachokijua. Jizuie. Kwa siku moja chukua mwandiko wa msingi, ule ambao Edward Johnston aliuunda London mwanzoni mwa karne ya 20 baada ya kuchunguza kitabu cha Zaburi kilichoandikwa kwa mkono Uingereza katika karne ya 10. Herufi zake ni za mviringo, zinasomeka, na kanuni zake ni chache: kimo cha mwili wa herufi ni upana wa ncha mara 4, na ncha hushikwa kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye mstari.

Mwandiko wa Kiitaliano ulioinama kidogo (mara 5, nyuzi 45) ni mzuri sana, lakini uje baada ya miezi miwili ya mazoezi. Ule wa ncha kali unaoandikiwa kadi za harusi usiwape wanaoanza hata wakikuomba. Unataka mkono unaojua kubonyeza na kuachia, na siku moja haitoshi kuujenga mkono huo. Kalamu za brashi za rangi ziache nyumbani. Zinaficha makosa ya pembe, na mtu asiyeliona kosa lake atalirekebishaje?

Hatua ya 2: Chumba

Meza zisiyumbe, mwanga utoke kushoto kwa wanaotumia mkono wa kulia. Nairobi tuko takriban nyuzi 1.3 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo dirisha la mashariki litapiga karatasi kwa jua kali hadi saa nne asubuhi. Panga meza ili dirisha la kaskazini au la kusini liwe kushoto kwao ukiweza. Usitegemee stima. Wenye mkono wa kushoto wakae mwisho wa meza upande wa kushoto, viwiko visigongane.

Hatua ya 3: Kalamu

Mimi nafundishia kalamu ya mwanzi, na sitabadilisha. Ncha ni pana, kosa linaonekana kutoka upande wa pili wa chumba, na mwanafunzi akiivunja unamkatia nyingine. Neno kalamu lenyewe lilitufikia kwa Kiarabu, na mizizi yake inarudi kwenye utete wa Kigiriki, yaani mmea wenyewe. Omba mabaki ya mianzi kwa mafundi wa viti. Usiende kukata Karura. Ule ni msitu unaolindwa.

Kata vipande vya sentimita 18 hivi, chonga ncha, pasua mwanya katikati, kisha malizia kwa mkato mmoja wa wembe mkali juu ya kitu kigumu. Upana uwe milimita 4. Kwa khati ya Kiarabu ncha hukatwa mshazari zaidi, kwa hiyo usichanganye makopo mawili.

Kama una nibu za chuma mpya, yaani ncha za kuchomeka kwenye mpini, zioshe kwanza kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, na wino hukataa kushika hadi yatoke.

Hatua ya 4: Karatasi na wino

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima, na ndipo nakuomba usome polepole.

Warsha yetu ya kwanza tulikuwa watu 16, katika ukumbi mdogo Makadara. Nilinunua rimu moja ya karatasi za fotokopi za gramu 80, zile zile nilizokuwa nikifanyia mazoezi nyumbani bila shida. Lakini nyumbani nilikuwa natumia nibu ya chuma ya milimita 1.5, na pale nilikuwa nimewakatia kalamu za milimita 4. Tena wino nilikuwa nimeuongeza maji ili uwatoshe wote. Dakika kumi baadaye kila herufi mle chumbani ilikuwa imeota mizizi: nyuzinyuzi nyeusi zikitambaa kutoka kila ukingo, tundu la e limezibika, n imekuwa kama buibui.

Nami nikaanza kurekebisha mikono. Legeza vidole. Inua kiwiko. Usibonyeze. Saa mbili nzima nilizunguka nikisema maneno hayo, na hakuna mkono uliokuwa na kosa. Mama mmoja, karani mstaafu aliyekuwa na hati safi kuliko sote, aliweka kalamu chini akaniambia, “Mwalimu, mkono wangu umeshazeeka.” Akaaga kabla ya chai. Jioni nilikaa na kalamu yake na karatasi yake, nikapiga mstari mmoja kwa utulivu wote nilionao. Ukaota mizizi.

Sababu ni hii. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizosongamana, na kati yake kuna mianya midogo inayovuta maji kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Kinachozuia ni kinga ambayo kiwanda huiweka, ama ndani ya rojo au juu ya uso wa karatasi. Karatasi ya fotokopi hutengenezwa ipokee unga wa mashine, kwa hiyo kinga yake dhidi ya wino wa majimaji hutofautiana. Kalamu pana humwaga wino mwingi mahali pamoja, na wino uliozimuliwa hauna gundi ya kuushika usitembee. Nilikuwa nimeyakusanya makosa yote matatu katika asubuhi moja.

Kwa hiyo, siku tatu kabla ya warsha, fanya jaribio hili kwa kalamu ile ile, wino ule ule na karatasi ile ile utakayowapa. Kitu kimoja kikibadilika, anza upya. Piga mistari minene mitano, pitisha mingine juu yake ili kuwe na makutano, halafu ngoja dakika mbili. Angalia ukingo kwa karibu, hasa kwenye makutano ambako wino ni mwingi. Geuza uone kama umetokea nyuma. Halafu jaribu upande wa pili, kwa sababu pande mbili za karatasi moja mara nyingi hazifanani; ukipata ulio bora, weka alama ya penseli kwenye pembe ya kila karatasi. Na kila rimu ijaribiwe yenyewe. Nimewahi kufungua rimu mbili zenye jina moja, moja ikawa nzuri na nyingine ikanyonya.

Usidanganywe na uzito. Baada ya ile siku nilikimbilia manila nikidhani unene ni kinga, na manila niliyoipata ilinyonya kama sifongo. Karatasi inayong’aa nayo ina tabu ya kinyume: wino unakusanyika matone juu yake na kuchelewa kukauka, hadi mkono wa shati unaufuta. Ninayopenda sasa ni karatasi laini isiyong’aa ya gramu 120, ile wapiga chapa wanayotumia kwa kazi za rangi. Vibanda vya uchapaji kuanzia River Road kuteremka hubaki na vipande vilivyokatwa pembeni, na ukiongea vizuri utauziwa mafungu. Omba karatasi tano za kujaribu kabla ya kulipia fungu. Muuzaji asiyekubali, nenda kwa jirani yake.

Kama umeshanunua na karatasi inanyonya, usiitupe. Ipake wanga. Chukua wanga wa mahindi, ule mweupe wa kuzidishia mchuzi uzito, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kimoja cha maji. Koroga kwanza katika maji baridi, kwa sababu ukiutia kwenye maji moto utapata madonge yasiyoyeyuka. Weka kwenye moto mdogo ukikoroga bila kuacha hadi weupe upungue na uji uwe kama kioo chenye ukungu. Hapa kwetu juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, lakini wanga huu huiva kabla ya kufika nyuzi 80, kwa hiyo usiuchemshe kwa nguvu. Ukiona unatokota umepita. Acha upoe, chuja kwa kitambaa cha leso, paka kwa brashi pana mara moja kwenda na mara moja kukingama. Anika kwenye kamba kwa vibanio.

Mambo ya kuangalia hapo. Karatasi itajikunja ikikauka, na hilo si kosa; ilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja. Halafu sugua uso wake kwa mgongo wa kijiko, taratibu, hadi uteleze. Mwezi wa Julai, wakati mbingu ya Nairobi imefunga kijivu, kukauka huchukua siku nzima, na ukiharakisha utapata ukungu. Januari na Februari ni saa chache tu, ila nyakati hizo wino nao hukaukia kwenye ncha, uwe na kopo la maji karibu. Wanga ukiwa mzito sana uso utapasuka na wino utabanduka kama magamba. Paka karatasi moja, ijaribu, ndipo upake nyingine arubaini. Mimi nilipaka arubaini kwanza.

Njia ya pili ni kuushika wino wenyewe kwa gundi ya mgunga, ambayo inatoka kwetu: Turkana, Isiolo, Samburu, Marsabit. Loweka fungu moja la gundi katika mafungu mawili ya maji ya uvuguvugu usiku kucha, chuja, na utie tone moja moja katika wino huku ukijaribu kila mara. Kwa kikombe kidogo cha kahawa matone matatu au manne hunitosha. Ikizidi, wino unanata, hautoki kwenye mwanya wa kalamu. Na kamwe usiongeze maji ili wino utoshe watu. Punguza watu.

Wino uwe mweusi wa masizi, wa chupa. Wa kujitengenezea kwa masizi ya koroboi ni kazi nzuri ya siku nyingine, kwa sababu masizi yale yana mafuta na yanataka kusagwa na gundi muda mrefu kabla hayajakubali maji.

Jambo la mwisho kuhusu karatasi: mafuta ya mkono huziba uso wake, na wino huruka pale kiganja kilipolala. Kila mtu apewe kipande cha kuwekea mkono, na mandazi yaliwe mbali na meza, mikono ioshwe ndipo watu warudi.

Hatua ya 5: Mistari

Kwa ncha ya milimita 4, mwili wa herufi ni milimita 16. Ongeza milimita 12 juu kwa herufi kama k na l, na 12 chini kwa g na y: mstari mmoja unachukua milimita 40. A4 itakupa mistari sita na nafasi ya pambizo. Chora karatasi moja ya mistari mieusi, toa nakala, ziwekwe chini ya karatasi ya kuandikia.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Nusu saa ya kwanza hakuna herufi. Mistari ya wima, halafu mwezi mchanga wa kushoto, halafu wa kulia. Miezi miwili ikikutana ni o, na kutoka o unapata c, e, d, b, p. Kisha n, ambayo inazaa m, h, r, na ukiipindua u.

Maneno ya mazoezi yawe ya Kiswahili. Zile sentensi za Kiingereza za kukusanya herufi zote zinawapotezea watu muda kwenye q na x, ambazo sisi hatuna kazi nazo, huku a, i, u, k, m, n na w zinazojaa katika maneno yetu zikionekana mara moja moja. Naanza na “mvua”, kisha “nuru”, kisha “kumi”. Mchana tunaandika “ng’ombe”, kwa sababu kile kibainishi kinadai nafasi yake, na mtu akishajua kukiachia pumzi amejua nafasi kati ya herufi zote.

Mtu akilalamikia mkono wake, chukua kalamu yake uandike wewe mwenyewe kwenye karatasi yake kabla hujamwambia neno. Kila mara.

Hatua ya 7: Baada ya hapo

Osheni kalamu kwa maji matupu, zikaushwe zimelala, zisisimame kwenye kopo. Hesabu wembe kabla ya kufunga mlango.

Sisi hukutana Jumamosi moja kila mwezi. Mwezi mmoja ni bahasha: kila mtu anaandika anwani ya mwenzake na kuipeleka posta. Mwingine ni wa khati ya Kiarabu, na hapo wenzetu wa Pumwani waliosoma madrasa ndio walimu, mimi nakaa na wanafunzi. Wanapima herufi kwa nukta za kalamu, kanuni inayohusishwa na Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, na ukiielewa hiyo, upana mara 4 wa Johnston hautakusumbua tena. Tumewahi pia kumwalika mchoraji wa herufi za matatu, akatuonyesha jinsi anavyopanga neno kwa macho kwenye bati lililopinda.

Yule mama karani nilimfuata nyumbani kwake wiki iliyofuata. Nilimwomba radhi, nikamwachia karatasi tano zilizopakwa wanga na kalamu yake ile ile. Alirudi mwezi uliofuata na zote tano zimejaa, pande zote mbili, na siku hizi ndiye anayejaribu karatasi zetu kabla ya kila warsha. Dada wa Kayole nimempa namba yake.